Harvard na Texan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ndege ya mafunzo ya T-6

Ukurasa huu unakusanya maswali yanayorudiwa na wasomaji wa historia ya Vita Kuu ya Pili, wajenzi wa modeli, na watu wanaokutana na ndege hii kwenye makumbusho au maonyesho ya angani. Pasipotajwa toleo jingine, vipimo ni vya AT-6D. Taratibu za kuwasha na kurusha zimeandikwa ili msomaji aelewe ndege ilivyofanya kazi. Anayeirusha kweli afuate kitabu cha ndege yake, maana matoleo yalitofautiana hata kwenye mambo madogo.

## Misingi

1. T-6 ni ndege gani hasa?

Ni ndege ya injini moja na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ina jozi moja tu ya mabawa, yaliyoshikizwa chini ya kiwiliwili, na magurudumu yanayokunjwa kuingia ndani ya mabawa. Ilitengenezwa na kampuni ya North American Aviation ya Marekani kwa kazi moja kubwa: kumfikisha mwanafunzi rubani kwenye mlango wa ndege ya kivita. Babu yake, NA-16, aliruka mara ya kwanza Aprili 1935 akiwa na magurudumu yasiyokunjwa, na kwa miaka michache iliyofuata kampuni iliendelea kuirekebisha hadi ikapata umbo tunalolijua. Kwa jumla zilijengwa zaidi ya 15,000.

2. AT-6, SNJ, Texan, Harvard: ni ndege moja au nne?

Ni moja yenye majina manne. Jeshi la Marekani liliiita AT-6, herufi A na T zikiwa na maana ya mafunzo ya hatua ya juu. Jeshi la majini la Marekani liliiita SNJ. Texan ni jina lililotokana na kiwanda cha Dallas, Texas, ambako nyingi zilijengwa. Waingereza na nchi za Jumuiya ya Madola waliiita Harvard tangu walipoagiza 200 za kwanza mwaka 1938. Mwaka 1948 jeshi jipya la anga la Marekani liliondoa herufi A, na tangu hapo ni T-6.

Kanada nayo ilizijenga. Noorduyn ya Montreal ilitengeneza Harvard IIB wakati wa vita, na Canadian Car and Foundry ikatengeneza Harvard 4 baada ya vita. Wirraway ya Australia ni binamu yake aliyetoka kwenye ukoo huo wa NA-16, ila si T-6, tusizichanganye.

3. Nitatofautishaje Harvard na Texan kwa macho?

Anza na bomba la moshi, upande wa kulia wa injini. Kwenye Harvard nyingi ni refu na limefunikwa kwa ganda linalochota joto la kupasha chumba cha marubani, kwa sababu zilirushwa kwenye baridi kali ya Kanada. Kwenye Texan bomba ni fupi. Kisha tazama kioo cha nyuma: AT-6 nyingi za vita zina kioo kinachofunguka ili mwanafunzi wa ulengaji atumie bunduki ya nyuma, na Harvard II kwa kawaida ina kioo kisichofunguka.

Harvard I inajitenga na wenzake wote kwa ncha za mabawa na usukani wa mkia vyenye mviringo. Kuanzia Harvard II ncha za mabawa zimekatwa kama kwa rula, na usukani wa mkia una umbo la karibu pembetatu.

4. Ina ukubwa na nguvu kiasi gani?

Upana wa mabawa ni mita 12.8, urefu mita 8.8. Tupu ina uzito wa kilo 1,886, na ikipakiwa kilo 2,548. Injini ni Pratt & Whitney R-1340 Wasp, yenye silinda tisa zilizopangwa kwa duara kama spoki za baiskeli, ujazo wa lita 22 na nguvu ya farasi 600 wakati wa kupaa. Inapozwa kwa hewa, kwa hiyo haina rejeta wala maji ya kuvuja. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 335 kwa saa, mwendo wa safari karibu 230, na umbali wa kuruka bila kujaza ni karibu kilomita 1,170.

5. Kwa nini inanguruma kwa sauti kali kuliko ndege nyingi zenye injini kubwa zaidi?

Sauti ile kali inatoka kwenye pangaboi zaidi kuliko injini. Pangaboi la T-6 lina mapanga mawili na kipenyo cha karibu mita 2.74, nalo limefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini bila gia ya kupunguza mwendo. Injini ikizunguka mara 2,250 kwa dakika, ncha za mapanga zinakwenda zaidi ya mita 320 kwa sekunde. Ukijumlisha mwendo wa ndege yenyewe kwenda mbele, ncha zinakaribia kasi ya sauti, na hapo hewa inapiga kelele. Rubani akivuta wenzo wa pangaboi baada ya kupaa, mizunguko inashuka hadi karibu 2,000 na kelele inakatika ghafla. Wakazi wa karibu na viwanja vya mafunzo walimjua mkufunzi mwungwana kwa jinsi alivyowahi kuvuta wenzo huo.

## Nafasi yake katika mafunzo

6. Mwanafunzi alipitia nini kabla ya kuifikia?

Huko Marekani kulikuwa na ngazi tatu. Ya kwanza ilikuwa ndege nyepesi kama Stearman PT-17 yenye mabawa mawili ya juu na chini, au Fairchild PT-19. Ya pili ilikuwa Vultee BT-13, yenye injini kubwa zaidi lakini magurudumu yasiyokunjwa. Ya tatu ilikuwa AT-6. Kila ngazi ilichukua takriban saa 60 hadi 75 za kuruka. Kwenye mpango wa Jumuiya ya Madola ngazi ya kati ilirukwa: mwanafunzi alitoka kwenye Tiger Moth au Fairchild Cornell na kupanda Harvard moja kwa moja. Hatua hiyo ilikuwa pana, na wengi waliona saa zao za kwanza kwenye Harvard kuwa ngumu kuliko zote zilizofuata.

7. Kwa nini wasingetoka kwenye ndege nyepesi hadi Spitfire au Mustang?

Hili ndilo swali la msingi kabisa. Wakati wa vita, Spitfire na Mustang za viti viwili zilikuwa adimu mno, kwa hiyo safari ya kwanza ya rubani ndani ya ndege ya kivita ilikuwa pia safari yake ya kwanza akiwa peke yake humo. Hakuna mkufunzi ambaye angemshika mkono. Kila ambacho angehitaji kukifanya kwa mazoea ilibidi akijue tayari.

Tiger Moth haina flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), haina magurudumu yanayokunjwa, wala pangaboi linalobadilisha pembe. T-6 inavyo vyote. Mwanafunzi alijifunza kuendesha kwa pamoja wenzo wa throtli (wa nguvu ya injini), wa pangaboi na wa mchanganyiko wa mafuta na hewa, huku akikunja magurudumu, akibadilisha tanki, akizungumza redioni na kutazama nje. Alijifunza kuruka kwa kutegemea vyombo tu, bila kuona nje, akiwa amefunikwa turubai. Alijifunza kuruka kwa kundi, usiku, na kupiga shabaha kwa bunduki za milimita 7.62.

Na la mwisho, ambalo kwetu ndilo kubwa: T-6 haimfichi rubani mzembe. Ndege nyepesi humrekebisha mwanafunzi kimyakimya. Hii humwonyesha kosa lake papo hapo, lakini mara nyingi kwa gharama ya ncha ya bawa badala ya maisha. Maswali ya 14 na 15 yanaeleza jinsi inavyofanya hivyo.

8. Mkufunzi alikaa wapi?

Nyuma. Mwanafunzi alikaa mbele kwa sababu kiti cha mbele kina vyombo na wenzo zote, na ndicho kinachofanana na kiti cha ndege ya kivita. Katika somo la kuruka kwa vyombo walibadilishana: mwanafunzi alikaa nyuma chini ya turubai na mkufunzi akakaa mbele akilinda macho ya wote wawili. Kutua kutoka kiti cha nyuma ni kazi ya mtu hodari, maana pua na kichwa cha mtu wa mbele vinaziba njia yote ya kurukia, na mkufunzi hubaki akiusoma ukingo wa njia kwa macho ya pembeni.

9. Ni akina nani waliofundishwa juu yake?

Mpango wa mafunzo ya anga wa Jumuiya ya Madola ulitiwa saini Desemba 1939, na Kanada peke yake ilihitimisha zaidi ya watu 131,000 wa kazi zote za ndani ya ndege. Waliopelekwa kwenye ndege za injini moja walipitia Harvard. Afrika nayo ilikuwa na sehemu yake. Rhodesia ya Kusini ilianza kufundisha mwaka 1940, na Harvard zilikuwa Cranborne, karibu na mji unaoitwa Harare sasa, na Thornhill karibu na Gweru ya leo. Afrika Kusini iliendesha mpango wake pamoja na Uingereza.

Tuskegee, Alabama, ndiko Wamarekani weusi walikofundishwa kuwa marubani wa kivita, na ngazi yao ya juu ilikuwa AT-6. Kundi la kwanza la watano, akiwemo Benjamin O. Davis Jr., lilihitimu Machi 1942. Na huko Sweetwater, Texas, wanawake waliojiunga na shirika la WASP walifundishwa kwa ndege hizihizi ili wazisafirishe ndege mpya kutoka viwandani na kufanya kazi nyingine za anga ndani ya Marekani. Waliohitimu walikuwa 1,074.

## Kuiwasha na kuirusha

10. Kwa nini fundi huzungusha pangaboi kwa mkono kabla ya kuwasha?

Injini ya silinda za duara ina silinda zinazotazama chini. Ndege ikisimama kwa saa kadhaa, oili hupenya taratibu kupita ringi za pistoni na kukusanyika kwenye silinda hizo. Oili haishindiliki. Injini ikiwashwa hivyo, pistoni inapanda, inagonga oili, na fimbo inayoiunganisha na shafti inapinda au kukatika. Inaweza isikatike siku hiyo, ikaja kukatika ndege ikiwa angani wiki mbili baadaye.

Ndiyo maana pangaboi huzungushwa kwa mkono mizunguko kadhaa, swichi za magneto (vifaa vinavyozipa plagi cheche) zikiwa zimezimwa. Likigoma, usilisukume kwa nguvu, na kamwe usilirudishe kinyume, kwa sababu oili itasukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa na kurudi tena injini ikiwaka. Dawa ni moja: toa plagi za silinda za chini, oili imwagike, kisha zungusha upya.

11. Hatua za kuwasha zilikuwaje?

Kwa ufupi, baada ya kazi ya swali la 10:

1. Vizuizi mbele ya magurudumu, breki zimekazwa, tanki limechaguliwa.
2. Wenzo wa mchanganyiko kwenye mafuta mengi. Throtli imefunguliwa kidogo, kama sentimita moja au zaidi kidogo.
3. Wenzo wa pangaboi umevutwa nyuma kabisa, upande wa mizunguko michache. Wengi husahau hili. Likiwa hivyo pangaboi halinyonyi oili, na oili ya kwanza inakwenda kwenye beringi, inakohitajika zaidi.
4. Pampu ya mkono ipigwe hadi msukumo wa mafuta ufike ratili 3 hadi 5 kwa inchi ya mraba.
5. Praima, yaani ipulizie injini mafuta ya kuanzia, mara nne hivi ikiwa baridi. Ikiwa moto, mara moja au usipige kabisa.
6. Kanyagio la starta lina sehemu mbili. Kisigino kinazungusha gurudumu zito la starta, na mlio wake unapanda taratibu kwa sekunde 15 hadi 20. Ukisikia umefika juu, washa magneto zote mbili na kanyaga kwa vidole. Gurudumu linashika injini.
7. Msukumo wa oili lazima uonekane ndani ya sekunde 30. Usipoonekana, zima. Ukionekana, sukuma wenzo wa pangaboi mbele.
8. Acha injini ipate joto kwenye mizunguko 1,000 hivi hadi oili ifike nyuzi 40 za Selsiasi.

Kosa la kawaida ni kupraima kupita kiasi. Mafuta yanatiririka kwenye kabureta, injini inarudisha moto, na moshi unatoka mahali pasipostahili. Ikitokea, usikimbie na usiache starta: endelea kuzungusha ili injini iumeze moto huo. Mtu mwenye kizimamoto awe amesimama pembeni tangu mwanzo.

12. Kwa nini wenzo wa magurudumu peke yake haukutosha?

Kwa sababu haidroliki (mfumo wa oili unaosukuma magurudumu na flapu) ya ndege hizi za wakati wa vita haikukaa na msukumo muda wote. Pampu inayoendeshwa na injini ilizungusha oili bure kurudi kwenye tangi lake, mpaka rubani abonyeze wenzo mdogo upande wa kushoto unaoelekeza oili kwenye kazi. Wenzo huo ulijirudisha wenyewe baada ya muda. Kwa hiyo kukunja au kushusha magurudumu kulitaka vitendo viwili, na flapu vilevile. Mwanafunzi alisukuma wenzo wa flapu, akasubiri, hakuna kinachoendelea, njia ya kutua inakaribia. Ndipo anakumbuka kwamba hakubonyeza.

Magurudumu yanaposhuka, uhakika haukutegemea taa peke yake. Juu ya kila bawa kuna kidirisha ambacho rubani hutazama na kuona pini ya kufungia ikiwa imeingia mahali pake. Ukivuta throtli nyuma magurudumu yakiwa hayajafungwa, honi inalia. Haidroliki ikikosa nguvu, kuna pampu ya mkono. Hata hivyo wengi walitua kwa tumbo, na sababu ilikuwa ileile kila mara: mkufunzi na mwanafunzi walikuwa wakizungumza kuhusu kitu kingine.

13. Mafuta yanapangwaje, na akiba iko wapi?

Kuna matanki mawili katikati ya mabawa, kila moja la takriban lita 208. Swichi ina nafasi za kushoto, kulia, akiba na kufunga. Akiba si tanki la tatu. Ni lita 75 hivi za chini ya tanki la kushoto, zinazolindwa na bomba lililosimama: ukichagua kushoto, mafuta yanachotwa juu ya mdomo wa bomba hilo, ukichagua akiba, yanachotwa chini kabisa. Anayehesabu kushoto, kulia na akiba kama akaunti tatu anajipa mafuta ambayo hayapo.

Kwenye mwendo wa safari injini hula karibu lita 110 kwa saa, kwa hiyo akiba ni dakika 40 hivi, na pungufu kama unapanda. Geji ziko sakafuni, kila upande wa kiti cha mbele. Mtu wa nyuma huziona kwa taabu, jambo ambalo mkufunzi mwangalifu hulijua kabla ya kuondoka chini.

## Inapokosea, na kwa nini

14. Kwa nini inazunguka ghafla ikiwa ardhini?

T-6 inasimama kwa magurudumu mawili ya mbele na gurudumu dogo la mkia. Uzito mkubwa uko nyuma ya magurudumu ya mbele. Maadamu ndege inakwenda moja kwa moja hakuna shida, lakini mkia ukienda pembeni kidogo, uzito huo unataka kuendelea kule ulikokuwa unaelekea, na unausukuma mkia uzidi kwenda. Kosa linajilisha lenyewe. Ndani ya sekunde mbili ndege imegeuka kutazama ilikotoka, bawa la nje limegusa chini, na pengine mguu wa gurudumu umekunjika.

Wakati wa hatari zaidi ni baada ya kutua, pale rubani anapodhani kazi imekwisha. Mwendo unapungua, hewa inayopita kwenye usukani wa mkia inapungua pia, na usukani hauna nguvu tena. Breki nazo bado ni kali mno kwa mwendo huo. Upepo wa pembeni ukiukuta mkia hapo, unausukuma kama tanga.

Tiba ilifundishwa hivi. Tua ndege ikiwa imenyooka sawasawa na mwelekeo wake, bila kuteleza pembeni hata kidogo. Ikishagusa kwa magurudumu yote matatu, vuta fimbo ya usukani nyuma kabisa na uishike hapo, ili gurudumu la mkia likandamize ardhi na kuongoza. Miguu ifanye kazi kwenye kanyagio za usukani wa mkia kwa miguso midogo ya haraka, kabla hujaona kwa macho kwamba pua imehama. Ukingoja uone, umechelewa. Breki ziwe za mwisho na za kugusa tu. Usiinue flapu, usitafute kitu sakafuni, usipunge mkono mpaka ndege isimame.

Kwenye T-6G kuna jambo la ziada: fimbo ikisukumwa mbele kabisa, gurudumu la mkia linaachiliwa lizunguke huru ili kupinda kona kali kwenye maegesho. Ukifanya hivyo kwa bahati mbaya wakati wa kutua, umejiondolea usukani wenyewe.

15. Tabia yake ikikosa mnyanyuo ikoje?

Ni kali, na onyo lake ni fupi. Ikiwa na magurudumu na flapu chini, bawa linaacha kunyanyua kwenye takriban maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105. Pua haishuki kwa upole: bawa moja huanguka kwanza, mara nyingi la kulia. Rubani akijaribu kuliinua kwa fimbo badala ya miguu, analizidishia, na ndege inaingia kwenye mzunguko wa kushuka.

Kujitoa kunataka mpangilio: throtli imefungwa, kanyagio la upande ulio kinyume na mzunguko likanyagwe hadi mwisho, kisha fimbo isukumwe mbele. Mzunguko ukikoma, rudisha kanyagio katikati na uiinue pua bila kuvuta kwa pupa. Ukivuta kwa nguvu utaanzisha mzunguko wa pili, na huo mara nyingi unakwenda upande wa pili.

Mahali palipoua wanafunzi wengi ni ile kona ya mwisho kabla ya kutua. Ndege iko chini, mwendo mdogo, mwanafunzi amepitiliza mstari wa njia na anavuta ili aurudie. Kadiri anavyokaza kona ndivyo mwendo wa kukosa mnyanyuo unavyopanda, na urefu wa kujitoa haupo. Ndiyo maana wakufunzi walisisitiza maili 90 kwenye njia ya kutua, ishuke hadi 80 tu ukivuka ukingo wa uwanja, na kwamba aliyepitiliza ajaze throtli na kuzunguka upya.

16. Barafu kwenye kabureta: inatambulikaje wakati mizunguko haishuki?

Kwenye ndege nyepesi barafu ikianza kuziba kabureta, mizunguko inashuka na rubani anajua. Pangaboi la T-6 linajirekebisha pembe ili mizunguko ibaki palepale, kwa hiyo geji ya mizunguko inakudanganya. Tazama geji ya msukumo wa hewa inayoingia kwenye silinda, ile inayosomwa kwa inchi za zebaki. Kupaa ni inchi 36, kupanda karibu 30. Ukiona inashuka polepole bila kugusa throtli, fungua hewa ya moto. Hali ya hatari ni hewa yenye unyevu, hata isiyo ya baridi kali.

17. Ni kweli zilijengwa nyingine kwa mbao?

Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1942 kulikuwa na hofu kwamba alumini ingekwisha, na AT-6C ilitengenezwa ikiwa na sehemu ya nyuma ya kiwiliwili na baadhi ya sehemu za mkia za plywood. Upungufu uliohofiwa haukutokea, na ujenzi ukarudi kwenye alumini. AT-6D iliyofuata ilibadili pia umeme kutoka volti 12 hadi 24, jambo la kukumbuka kwa yeyote anayenunua vipuri.

## Baada ya kufundisha: vita na Afrika

18. Je, ilipigana yenyewe?

Ndiyo, na mara nyingi dhidi ya watu wasiokuwa na ndege. Huko Korea Wamarekani waliitumia kutafuta shabaha na kuziwekea moshi ili ndege za jeti zipige. Ufaransa iliirusha Algeria. Ureno ilitumia T-6 huko Guinea, Angola na Msumbiji mpaka mwaka 1974, zikiwa na mabomu na roketi chini ya mabawa.

19. Ilifanya nini Kenya?

Mwaka 1953 jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi cha 1340 kwa Harvard zilizotolewa kwenye shule za Rhodesia, kikafanya kazi kutoka Thika na kisha Mweiga, karibu na Nyeri. Zilifungwa bunduki na mabomu madogo ya ratili 20, kama kilo tisa, na zikashambulia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walikokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Kikosi kilivunjwa mwaka 1955.

Kiufundi ilikuwa kazi ngumu kwa ndege hii. Injini yake huweza kushikilia farasi 550 hadi futi 5,000 tu, kisha nguvu zinapungua. Mweiga yenyewe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 5,900, na mabonde ya Nyandarua yanapanda juu ya hapo. Rubani alipaa akiwa tayari amepoteza sehemu ya nguvu, na kuingia bonde linalofunga mbele kulimwachia nafasi ndogo sana ya kugeuka. Swali la 15 linahusika moja kwa moja.

20. Na Kongo?

Ubelgiji ilifundisha marubani wake wa ngazi ya juu kwa Harvard kwenye kituo cha Kamina, Katanga, katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru mwaka 1960, serikali ya Katanga iliyojitenga ikapata ndege za aina hii, na baadhi ziliharibiwa ardhini Kolwezi na jeti za Sweden za Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 1962 na mwanzoni mwa 1963. Mwaka 1964 T-6 zilirushwa tena upande wa serikali ya Kongo dhidi ya waasi wa Simba, na marubani wake walikuwa Wakuba wahamishwa waliolipwa na Marekani, kabla ya ndege nyingine, T-28, kuchukua nafasi.

## Maswali ya pembeni

21. Zile ndege za Kijapani kwenye filamu za vita ni T-6?

Mara nyingi ndiyo. Zero (ndege ya kivita ya Kijapani) za kweli zilizobaki zinazoruka ni chache mno, kwa hiyo watengeneza filamu walizibadilisha T-6: pangaboi la mapanga matatu, ncha za mabawa zilizoviringishwa, kioo kilichofupishwa, rangi na duara jekundu. Kinachoisaliti ni bawa. Ukingo wake wa mbele umelala kurudi nyuma kuelekea ncha, na ukingo wa nyuma umenyooka.

22. Bado zinaruka? Na anayetaka kununua akague nini kwanza?

Zinaruka kwa mamia. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilizistaafisha mwaka 1995 tu, zikiwa zimefundisha kwa zaidi ya miaka hamsini. Injini za ukoo wa R-1340 zilifungwa pia kwenye ndege za mizigo na za kunyunyizia dawa mashambani, kwa hiyo mafundi na vipuri bado wapo.

Ukaguzi uanze pale bawa la nje linapoungana na sehemu ya katikati. Maungio hayo ni pembe za alumini zilizokazwa kwa safu ndefu ya bolti, chini ya utepe wa kufunika. Mwaka 2005, baada ya T-6 moja kuachana na bawa angani huko Marekani, mamlaka ya anga ya nchi hiyo iliagiza pembe hizo zikaguliwe nyufa za uchovu wa metali, na kurudiwa kila baada ya saa 200 za kuruka. Omba kumbukumbu za ukaguzi huo kwa maandishi. Uliza pia kama ndege iliwahi kuzunguka ardhini kwa namna iliyoelezwa kwenye swali la 14, kwa sababu nguvu ya bawa kugonga chini huishia palepale kwenye maungio, na rangi mpya hufunika mengi. Mwenye ndege akikataa utepe ule ufunguliwe, usiinunue.